Beta ni nini, na kwa nini usinyamaze kompyuta ikifanya vituko

Leo nataka tuongee kuhusu neno moja dogo ambalo mnaliona kila siku kwenye simu na kwenye kompyuta za kafe, halafu mnalipita tu kama bango la barabarani. Neno lenyewe ni beta. Lakini kabla sijaeleza lolote ngoja niwape kisa changu, maana neno hili mimi nililijua kwa machungu.

Mwaka 2007 nilikuwa nasimamia intaneti kafe moja pale Morogoro. Kompyuta 9, feni mbili, saa moja shilingi 500. Kulikuwa na jamaa mmoja, fundi wa programu wa hapohapo mjini, aliyetutengenezea programu ya kuhesabu muda wa wateja. Hakututoza hata senti. Sharti lake lilikuwa moja: "Hii bado naijaribu. Mkiona chochote cha ajabu, nipigieni." Akaandika namba yake ya simu kwenye kikaratasi, akakibandika kwa selotepu juu ya kioo cha kompyuta yangu.

Programu ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Muda wa mteja ukiisha inafunga kila kitu, kisha inafuta vyote alivyoviacha kwenye desktopu ili anayefuata akute pasafi. Kwa sisi tuliokuwa tunakuta picha za harusi za watu na barua za mapenzi kila jioni, hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Siku moja dogo mmoja wa mashine namba 4 akaniita. Picha zake zimepotea. Muda wake ulikuwa unakaribia kuisha, akaniomba nimwongezee nusu saa, nikaongeza, na aliporudi kutazama hakukuta kitu. Nikachungulia, sikuelewa. Nikazima mashine nikaiwasha, nikampa dakika 30 za bure, akaondoka karidhika. Kikaratasi chenye namba ya fundi kilikuwa mbele ya macho yangu. Sikupiga. Nilijiambia ni virusi tu, maana miaka ile kila kitu kilikuwa virusi.

Wiki mbili baadaye akaja dada mmoja mwanachuo, anamalizia ripoti yake ya utafiti. Kurasa 41. Flashi yake ilikuwa imeshambuliwa kweli na virusi, kwa hiyo nikamsaidia: nikahamishia kazi yake kwenye desktopu, flashi nikaiformati iwe safi, ili akimaliza airudishe kazi yake humo. Nilijiona fundi kweli kweli. Muda wake ulipobaki kidogo akaniambia, "Kaka, niongezee saa moja." Nikaongeza. Kioo chake kikawa cheusi kwa sekunde kama mbili, kikarudi. Kisafi kabisa.

"Kaka, kazi yangu iko wapi?"

Wadau, sijawahi kusahau ile sauti. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza kiti alichokuwa amekikalia kimekwenda wapi.

Nikapiga ile namba. Fundi alifika jioni ileile, akakaa kwenye mashine mpaka usiku akijaribu kufukua yaliyofutwa, akapata vipande vya kurasa kama tisa hivi. Tatizo lenyewe alilikuta kwa muda mfupi. Ukiongeza muda ndani ya dakika ya mwisho, programu ilidhani mteja wa zamani ameondoka na mwingine amekaa, basi ikafagia. Akaniuliza, "Hii ilishawahi kutokea?" Nikanyamaza kwanza. Halafu nikamweleza habari ya yule dogo wa picha. Akanitazama, akasema, "Sasa mwanangu, mbona hukunipigia?"

Hakuna jibu kwa swali kama hilo. Yule dada alichapa upya kwa siku nne kutoka kwenye karatasi zake za mkono, bure, hata usiku baada ya kufunga kafe, mimi nikimsomea na yeye akichapa. Aliwasilisha kwa kuchelewa wiki moja, na nashukuru msimamizi wake alikuwa mtu mwelewa.

Haya, tuingie kwenye mada.

Programu haimaliziki siku moja kama chapati. Inapitia hatua. Kwanza waliotengeneza wanaijaribu wenyewe, ndani kwa ndani, ikiwa bado mbichi. Hatua hiyo huitwa alfa. Wakiona inasimama kwa miguu yake wanaitoa kwa watu wa nje ili nao waitumie na kuwaambia wameona nini. Hiyo ndiyo beta, herufi ya pili ya Kigiriki. Baada ya hapo linakuja toleo ambalo wanadhani ndilo lenyewe, wanalitazama kwa siku au wiki kadhaa, na lisipoonyesha kituko ndipo linapewa namba rasmi na kuachiwa kwa kila mtu.

Kwa nini watu wa nje? Si kwamba mafundi ni wavivu. Aliyejenga nyumba hajigongi kichwa kwenye mlango mfupi, kwa sababu anajua ulipo na anainama bila kufikiri. Mgeni ndiye anayegonga. Fundi wa Marekani ana umeme saa 24, ana intaneti ya kasi, kompyuta ni yake peke yake. Hawezi kuota ndotoni kwamba kuna mahali watu kumi wanatumia kompyuta moja kwa siku, umeme unakatika katikati ya kusevu, na mtu anaongeza muda kwa nusu saa. Wewe unayesoma hapa umekaa kwenye kafe unayajua mambo hayo kuliko yeye. Hata lugha ni hivyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kwenye kazi kama ile, ni nani atakayegundua kwamba neno fulani kwenye menyu halieleweki, kama si mtu anayeandika barua kwa Kiswahili kila siku?

Ila neno lenyewe limechakaa, lazima niseme. Gmail ilianza tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na neno beta kwenye nembo yake, na neno hilo halikuondolewa mpaka Julai 2009. Miaka mitano! Watu walikuwa wanaendeshea biashara zao humo, na pale juu bado pameandikwa majaribio. Tangu hapo wengi tumezoea kwamba beta ni pambo tu. Si pambo. Maana yake ni kwamba kuna makubaliano kati yako na aliyetengeneza: yeye anakubali kwamba kitu hakijaiva, wewe unakubali kumwambia ukikuta kibichi. Na makubaliano hayo yana pande mbili. Mimi Morogoro niliuvunja upande wa mtumiaji. Sasa niwape mfano wa upande wa pili ulipovunjika, na huo ni mkubwa kwelikweli.

Mwaka 2014 Microsoft ilianzisha mpango uitwao Windows Insider. Mtu yeyote duniani angeweza kujiandikisha, akapata matoleo ya majaribio ya Windows 10 kabla ya wengine, na kutuma maoni yake. Waliojiunga walifika mamilioni. Mwaka huohuo kampuni ilipunguza wafanyakazi wengi, wakiwemo baadhi ya wale ambao kazi yao ilikuwa kujaribu programu kwa mshahara. Ukiziweka habari hizo mbili pamoja unaona kazi kubwa ya kujaribu ikielekea mikononi mwa watu wa kujitolea.

Tarehe 2 Oktoba 2018 ikatoka apdeti kubwa ya Windows 10, toleo namba 1809. Siku chache tu baadaye Microsoft wakaisimamisha. Kwa nini? Kuna watu walioweka apdeti hiyo, kompyuta ikawaka vizuri, wakafungua folda za nyaraka na picha, hamna kitu. Mafaili ya miaka yamefutwa.

Chanzo chake ndicho kinachonivutia, kwa hiyo nivumilieni nikieleze. Kwenye Windows kila mtumiaji ana folda zake maalumu: nyaraka, picha, muziki na kadhalika. Kwa kawaida zinakaa kwenye diski C, lakini unaruhusiwa kuzihamishia kwingine, tuseme diski D. Watu wa kafe tunaupenda sana mtindo huo, maana Windows ikiharibika unaifuta C yote na mafaili ya watu yanabaki salama kwenye D. Sasa, ukihamisha folda, Windows inakuuliza kama unataka na vilivyomo vihamie. Ukisema hapana, unabaki na folda mbili: mpya kule D, na ya zamani kule C ikiwa na mafaili yake ya awali.

Kwenye toleo lililotangulia, la Aprili 2018, watu waliohamisha folda namna hiyo walilalamika kwamba wanaona folda za ziada, tupu, zinajitokeza bila sababu. Malalamiko ya haki. Microsoft wakasikia, wakaandika msimbo wa kuziondoa folda hizo tupu kwenye apdeti ya Oktoba. Lakini msimbo huo ulipokutana na mabadiliko mengine kwenye mpangilio wa kuweka apdeti, ukafuta ile folda ya zamani hata kama haikuwa tupu. Pamoja na vilivyomo.

Umeona? Ufagio uleule wa Morogoro. Kitu kilichotengenezwa kufanya usafi kilifagia na kazi za watu.

Lakini ngoja, hilo si baya kuliko yote. Baya ni kwamba baadhi ya wajaribu walishaliona. Miezi kadhaa kabla ya Oktoba kulikuwa na watu walioandika kwenye Feedback Hub, ile programu ya kutumia maoni, kwamba apdeti imewafutia mafaili. Waliandika kabisa! Shida ni kwamba Feedback Hub iliendeshwa kama mashindano ya kura. Mtu anaandika tatizo, wengine wanalipigia kura, lenye kura nyingi linapanda juu na kuonekana. Rangi ya kitufe haijawapendeza watu elfu, inapanda. Mafaili yamewapotea watu wachache waliotawanyika duniani, kila mmoja ameandika kwa maneno yake, inabaki chini kabisa na kura mbili tatu. Halafu kulikuwa na kundi la mwisho la wajaribu ambao kwa kawaida hupewa toleo kabla tu ya kuachiwa rasmi. Safari hiyo walirukwa, toleo likaenda moja kwa moja kwa umma.

Microsoft walisema taarifa za kupotelewa mafaili zilikuwa asilimia 0.01 ya walioweka toleo hilo. Mtu mmoja kati ya 10,000. Kwenye karatasi ni kidogo sana. Ila aliyepotelewa na picha za marehemu mama yake hapotelewi kwa asilimia 0.01. Kwake zimepotea zote. Toleo lilirudishwa tena tarehe 13 Novemba 2018, baada ya wiki sita hivi, na Feedback Hub ikaongezwa sehemu ambapo mtu anaonyesha tatizo lake ni zito kiasi gani. Yaani ndiyo kwanza wakaanza kuuliza kwa uzito, si kwa kura peke yake. Mimi naona hili lingepaswa kuwepo tangu siku ya kwanza. Hospitali hakuna mtu anayepigia kura ni mgonjwa gani aonwe kwanza.

Nisije nikaonekana nasema majaribio na watumiaji ni bure. Mfano mzuri kuliko yote uko hapa kwetu Afrika Mashariki, na kila mmoja wenu anao mfukoni: M-Pesa.

Wengi wanadhani M-Pesa ilishuka tu mwaka 2007 ikiwa imekamilika. Hapana. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005 Kenya, kwenye maeneo ya Nairobi na Thika, kwa watu wapatao 500. Walikuwa wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, na wazo la mwanzo lilikuwa hilohilo la mikopo: mtu apokee mkopo wake na kuulipa kwa simu badala ya kubeba noti. Vodafone waliweka fedha, serikali ya Uingereza nayo ikachangia kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa, Safaricom wakatoa mtandao. Waliousimamia mradi, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliandika baadaye mwaka 2007 jinsi mambo yalivyokwenda.

Watu wakapewa simu, wakafundishwa, wakaanza. Na hapo ndipo wakawashangaza wenye mradi. Walilipa mikopo, ndiyo. Lakini pia wakawa wanatumiana. Huyu anamlipa mwenzake wa biashara. Yule anamtumia ndugu yake aliye mbali. Mwingine anaweka fedha kwenye simu kabla ya safari au mwisho wa siku asilale nazo nyumbani, anazitoa baadaye. Hakuna aliyewaagiza.

Wenye mradi wangeweza kusema watu hawa wanatumia kitu vibaya. Badala yake waliwatazama na kuwaelewa. Wakati huohuo upande wa mikopo ulikuwa umewatatiza, mahesabu ya taasisi na ya mfumo wa simu hayakuoana kirahisi. Basi M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ule mkopo haukuwa tena moyo wake. Ilikuja ikiwa kitu chepesi: weka fedha, tuma, toa, nunua vocha. Na tangazo lake likahusu kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania, na mengine mnayajua.

Angalieni tofauti. Microsoft walikuwa na wajaribu mamilioni, na kilio cha wachache kikazama. Nairobi na Thika walikuwa 500 tu, lakini kuna watu waliokaa karibu nao wakatazama wanafanya nini kwa mikono yao. Kwangu mimi huo ndio utofauti, wala si idadi. Nikiambiwa programu fulani imejaribiwa na watu laki moja, swali langu siku hizi ni: na nani alikuwa anasoma walichoandika?

Kuna na wale wanaoruka majaribio ya watumiaji kabisa. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zilizimika duniani na kubaki na kioo cha bluu. Viwanja vya ndege, hospitali, benki. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilikuwa imetuma faili dogo la apdeti kwa wateja wake wote kwa mpigo. Sehemu moja ya programu ilitazamia vitu 21, iliyokuwa inailisha ilileta 20. Matoleo yaliyotangulia yalipita kwa sababu nafasi ya 21 ilikuwa imewekwa alama ya "chochote kile", hivyo hakuna aliyewahi kuigusa kweli. Siku ilipoguswa, ikaanguka. Faili lilirudishwa baada ya dakika 78 tu, lakini dakika hizo zilitosha. Lingepelekwa kwanza kwa kompyuta elfu moja, wakangoja saa mbili, dunia isingejua. Kampuni yenyewe baadaye ilisema itaanza kutuma kwa awamu.

Na wapo wenye ujasiri wa kungoja. Wale wa zamani kidogo mnakumbuka CD za Ubuntu zilizokuwa zinatumwa bure kwa posta mpaka mwaka 2011? Mimi nilizipokea, tena na stika zake. Ubuntu hutoka kila miezi sita, na namba yake ni mwaka na mwezi. Toleo la Aprili 2006 lilitakiwa kuwa 6.04. Mwezi Machi Mark Shuttleworth, yule Msauzi mwanzilishi wake, akaipendekezea jumuiya kwamba wasogeze mbele kwa wiki sita, kwa sababu toleo hilo lilikusudiwa kuhudumiwa kwa miaka mingi na bado lilihitaji kung'arishwa. Wakakubaliana. Likatoka tarehe 1 Juni 2006, likaitwa 6.06, na namba hiyo imebaki ushahidi kwamba walichelewa kwa makusudi. Kusema "bado" hadharani si kazi ndogo kwa mtu aliyekwisha kutangaza tarehe.

Sasa wewe hapo kwenye kafe unaingia wapi? Unaingia, tena sana. Kwenye Play Store programu nyingi zina sehemu ya kujiunga na beta. Firefox ina toleo lake la beta unaloweza kulipakua bure. Ukijiunga, cha kwanza usiweke beta kwenye kompyuta au simu yenye kitu ambacho huna nakala yake mahali pengine. Na usiiweke kwenye mashine ya watu bila kuwaambia. Wateja wangu wa Morogoro hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anajaribiwa programu, na hilo ni kosa langu jingine. Yule dada angejua, labda asingekubali niiformati flashi yake.

Halafu jamani, msichanganye. Ile GB WhatsApp mnayorushiana si beta. Imetengenezwa na watu wasiohusika na WhatsApp, na WhatsApp wenyewe wanasema wanaweza kuifungia akaunti inayoitumia. Beta ya kweli inatoka kwa mwenye programu.

Ukishaona tatizo, namna ya kulieleza ndiyo kazi yenyewe. Watu wengi wanaandika: "Programu yenu mbovu, haifanyi kazi, rekebisheni." Fundi akisoma hivyo hana pa kuanzia. Ni kama kumwambia daktari "naumwa" ukakata simu. Mwambie ulikuwa unafanya nini hatua kwa hatua, ulitegemea kitokee nini, na kilichotokea ni nini. Mtajie namba ya toleo, aina ya simu au kompyuta. Kisha jaribu kurudia mwenyewe uone kama kinatokea tena, na umwambie jibu, hata kama ni hapana. Piga picha ya kioo kama unaweza. Kwa mfano, mimi ningempigia fundi wangu na kusema hivi: "Mashine namba 4. Mteja alibakiza chini ya dakika moja, nikamwongezea nusu saa kutoka kwangu. Kioo kilizima kidogo, kikarudi, vitu vya desktopu vimefutika. Muda uliongezeka sawasawa." Sekunde ishirini za kuongea. Kutokana na maneno hayo tu angejua pa kutazama, na kurasa 41 zingekuwa zimepona.

Kama kimekufutia kitu au kimekula hela, liseme hilo kwenye sentensi ya kwanza kabisa, usilizike chini. Kama kuna mahali pa kuonyesha uzito, weka uzito wake wa kweli. Na ukikuta mtu mwingine ameandika tatizo kama lako halina kura hata moja, lipigie, uongeze na maelezo yako. Pengine ninyi wawili ndio mlioliona dunia nzima.

Na mafundi wanaosoma hapa, maana najua mpo: yule jamaa wangu alifanya karibu kila kitu sawa, alitupa namba, alikuja jioni ileile. Alichokosa ni kurudi kuuliza. Alingoja apigiwe. Mtu anayesimamia kafe yenye wateja tisa wanaoita kwa pamoja hapigi simu kwa sababu ya picha za dogo mmoja. Pita wewe. Kaa nyuma ya kiti cha mteja nusu saa, usiseme kitu, tazama tu vidole vyake vinakwenda wapi.

Baada ya mkasa ule tulinunua kaunta buku, tukaifunga kwa kamba kwenye meza yangu pamoja na kalamu. Kila mteja akiona kitu cha ajabu anaandika, na fundi anapita kila Jumamosi kusoma. Mengi yalikuwa upuuzi. Feni haizunguki. Namba 3 ina kiti kibovu. Mmoja aliandika shairi. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja ambapo mtu aliandika kwamba umeme ukikatika kwenye namba 7, ukirudi anakuta dakika zake zimeendelea kuliwa gizani, na chini yake kuna mwandiko wa fundi: "Kweli. Imerekebishwa."

Yule dada naye alirudi siku moja kuchapa barua ya kazi. Alikaa kama dakika kumi, akainuka, akaja mezani akaandika mistari miwili bila kuniambia kitu. Nilisoma alipoondoka: "Kitufe cha kuomba muda kiko karibu mno na kitufe cha kumaliza. Nimekosea mara mbili." Jumamosi iliyofuata fundi alikihamishia upande wa pili wa kioo.